Plagi ya Gari Mseto na Hesabu ya Mnunuzi

Gari mseto ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana kuzungusha magurudumu, na tangu Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mwaka 1997, umeme wa gari la namna hiyo umekuwa ukizalishwa ndani ya gari lenyewe. Dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo katika gari la kawaida ingeishia kuwa joto kwenye pedi za breki hurudi katika betri ndogo. Gari mseto la kuchaji limeongezewa betri kubwa na tundu la waya, ili lijazwe umeme wa nyumbani na kutembea makumi ya kilomita kabla injini haijawaka. Nyongeza hiyo ina bei, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama fedha yake itarudi.

Wauzaji hupenda kulilinganisha gari hilo na gari la petroli tupu, ulinganisho unaolipendelea mno. Mizani ya haki ni kuweka pamoja Prius mbili za kizazi kimoja, ya kawaida na ile ya kuchaji iliyotoka mwaka 2017, kwa kuwa zote zina injini ya lita 1.8, na kinachozitenganisha hasa ni betri ya kilowati-saa 8.8, ambayo pamoja na vifaa vyake huongeza takriban kilo 150 na kuinua sakafu ya buti. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja inayonunuliwa kwa LUKU, mfumo wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Prius ya kawaida hutumia takriban lita 4.5 za petroli kwa kilomita 100, ilhali ya kuchaji, inapotembea kwa umeme, hutumia takriban uniti 16 kwa umbali huohuo, na chaji moja huifikisha kilomita 40.

Ikichukuliwa kwamba lita ya petroli jijini Dar es Salaam ni shilingi 3,000 na uniti ya umeme ni shilingi 356 pamoja na kodi, kilomita 100 zitagharimu shilingi 24,000 kwa gari la petroli linalotumia lita 8, shilingi 13,500 kwa mseto wa kawaida, na takriban 5,700 kwa umeme. Kumbe shilingi 10,500 kati ya 18,300 zinazookolewa zimekwisha kupatikana kabla waya wowote haujachomekwa. Plagi yenyewe inaleta zile 7,800 zilizobaki, ambazo kwa dereva wa kilomita 40 kila siku, siku 300 kwa mwaka, ni kama shilingi 936,000. Na ikiwa gari la kuchaji limemzidi mwenzake kwa shilingi milioni 5, itapita miaka mitano na ushei kabla fedha hiyo haijarudi, tena kwa sharti kwamba hakuna usiku uliopita bila kuchaji.

Sharti hilo ndilo linalowashinda wengi. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizokusanywa na vifaa vilivyomo ndani ya magari yaliyosajiliwa mwaka 2021, nazo zilionyesha kwamba hewa ya ukaa ya magari mseto ya kuchaji barabarani ilikuwa mara 3.5 ya ile iliyopimwa maabara, kwa kuwa vipimo rasmi huyahesabu kama yanachajiwa mara nyingi kuliko inavyotokea. Dereva ambaye petroli yake inalipwa na mwajiri, na umeme ni wa mfukoni mwake, hana sababu ya kuhangaika na waya, na kwa hesabu yake binafsi hajakosea.

Kwa Dar es Salaam, pa kulaza gari ndipo penye uamuzi. Mpangaji wa ghorofa la Kariakoo anayeegesha mtaani atakuwa akibeba kilo 150 za betri bure, ilhali mwenye geti lake Mbezi anaweza kujaza betri hiyo usiku mmoja kwa soketi ya ukutani, mradi soketi iwe imara, maana iliyolegea hupata joto hadi plastiki yake ikabadilika rangi. Waya uliotengenezwa kwa volti 100 na 200 za Japani nao usichomekwe kwenye volti 230 kabla fundi umeme hajathibitisha kwamba unazihimili. Hata nyumba yenye matumizi madogo, inayonunua umeme kwa bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, itaipoteza nafuu hiyo, kwa sababu gari pekee litakula zaidi ya uniti 150.

Magari haya mengi hufika Tanzania yakiwa yamekwisha kutumika, na betri ya lithiamu hupungua uwezo kwa umri, kwa joto na kwa idadi ya chaji, hata kama rangi ya gari inang'aa. Namba ya kilomita za umeme inayoonyeshwa kwenye dashibodi ni makadirio tu; kipimo cha kweli ni kujaza betri usiku kucha, kisha kuliendesha gari polepole kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na kuhesabu kilomita hadi injini iwake. Ikiwaka kwenye ya 22, mnunuzi anatozwa bei ya betri ambayo karibu nusu yake ilikwisha kuliwa Japani.