Bendi iliyovunjika bila kufa

Tukisikia bendi imevunjika, huwa tunauliza nani kamdhulumu nani. Mara nyingi jibu ni fedha, au mwimbaji aliyeona jina lake limekuwa kubwa kuliko la wenzake. Dr. Strangely Strange ya Dublin, Ireland, haikupata utajiri wa kugombania wala nyota wa kuringa. Ndiyo maana iliweza kutawanyika na kurudi.

Ilianza mwaka 1967, ikiwa na Tim Booth, Ivan Pawle na Tim Goulding. Maskani yao ilikuwa nyumba waliyoiita The Orphanage, yaani nyumba ya mayatima. Vijana wanamuziki wa jiji waliingia na kutoka humo kama barazani. Mmoja wao, Phil Lynott, ambaye baadaye alitamba na bendi ya roki ya Thin Lizzy, aliipa bendi yake ya awali jina la nyumba hiyo.

Muziki wao huitwa foki ya saikedelia. Foki ni muziki wa kienyeji. Saikedelia ni mtindo wa miaka ya 1960 uliotaka wimbo umchukue msikilizaji kama ndoto. Bendi za roki zilitumia magitaa ya umeme na mitambo ya studio. Hawa walitegemea zaidi vyombo vya sebuleni: gitaa kavu, filimbi, fidla na harmoniamu, kile kinanda cha mivukuto ambacho wapenzi wa taarabu ya zamani ya Mombasa wanakijua. Sauti ya mivukuto haikatiki ghafla. Hupanda na kushuka kama pumzi, na juu yake waimbaji hupokezana kwa utani, kana kwamba wanaimbiana wao kwa wao.

Santuri ya kwanza, Kip of the Serenes, ilitolewa na lebo ya Island mwaka 1969, mtayarishaji akiwa Joe Boyd. Lakini kilichowafikisha mbali ni wimbo mmoja tu, Strangely Strange but Oddly Normal, uliotiwa katika Nice Enough to Eat, santuri ya mkusanyiko iliyouzwa kwa bei nafuu ili kuitangaza lebo. Mtu aliinunua kwa ajili ya bendi kama Jethro Tull au Traffic, akafika nyumbani na wageni watatu ambao hakuwaalika.

Mwaka 1970 ikafuata Heavy Petting, chini ya lebo ya Vertigo, jalada likiwa kazi ya mchoraji Roger Dean. Gitaa la umeme lilipigwa na Gary Moore wa Belfast, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Booth akashika uchoraji wa katuni, Goulding akashika brashi ya rangi.

Bendi inayoishi kwa mshahara hufa mshahara ukikatika. Hii iliishi kwa urafiki. Walikutana tena, na mwaka 1997 wakatoa Alternative Medicine, miaka 27 baada ya santuri ya pili. Wakati wote huo nakala za zamani zilikuwa zikisakwa na wakusanyaji, na kila toleo jipya lilileta masikio mapya.

Ngoma ya kijijini haihesabiwi kuwa imevunjika msimu wa kilimo ukifika. Wapigaji huenda shambani. Mavuno yakiisha, hukaza ngozi upya.