Tumbo Lisilopona: Si Taifodi Kila Mara, Wala Si Kulishwa Kitu



Siku moja tulikuwa kwenye kliniki ya mkoba huko Ilemba. Tulipomaliza kuwapima watoto uzito, mama mmoja alibaki kwenye benchi mpaka wenzake wote walipoondoka. Ndipo akatueleza shida yake. Huu ni mwaka wa tatu tumbo linamsokota na kujaa gesi. Mara anaharisha, mara anafunga choo. Ameambiwa ana taifodi mara tano, na mara zote tano amemeza dawa. Ameuza mbuzi wawili na magunia ya mpunga. Mwishowe mganga alimwambia kuwa amelishwa kitu na ndugu wa mumewe. Tangu siku hiyo hasalimiani na wifi yake, ingawa wanachota maji kisima kimoja.

Tulimwuliza, "Mama, lilianza lini?" Akajibu, "Lilianza masika yale tulipoharisha nyumba nzima, sista. Wenzangu walipona, mimi nikabaki hivi."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa wa mwezi huu.

UGONJWA GANI HUU?

Madaktari huuita kwa herufi tatu, IBS. Sisi tutauita utumbo mwepesi kuchokozeka. Mgonjwa huumwa tumbo angalau siku moja kila wiki, kwa miezi mingi. Maumivu hubadilika anapokwenda choo, na choo chenyewe hubadilika: kigumu, laini, au vyote kwa zamu. Utumbo ukichunguzwa hauonekani kuwa na kidonda wala uvimbe. Ndiyo maana wengi huambiwa, "Huna kitu." Hilo si kweli. Wana ugonjwa, ila ni ugonjwa wa namna utumbo unavyofanya kazi na unavyohisi.

WATAFITI WAMEGUNDUA NINI?

Mmoja wa watu waliowafanya madaktari wafikirie upya magonjwa ya utumbo alifanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki. Ni Dk. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, aliyekuwa Uganda tangu mwaka 1946 hadi 1966. Yeye na wenzake walikusanya habari kutoka hospitali nyingi za vijijini, nyingi zikiwa za misheni. Waliona kuwa magonjwa mengi ya utumbo mpana yaliyojaa Ulaya yalikuwa haba kwa wanavijiji wa Afrika. Katika taarifa yao ya mwaka 1972 walieleza kuwa sababu ni chakula: mwanakijiji alikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, Mzungu alikula unga uliokobolewa.

Mafundisho hayo yana faida hata leo, na dona bado ni bora kuliko sembe. Lakini kwa ugonjwa huu hayakutosha. Mwaka 1994 watafiti wa Manchester, Uingereza, waliwauliza wagonjwa wa utumbo mwepesi kuchokozeka habari za pumba za ngano. Kati ya kila 100, wagonjwa 55 walisema ziliwazidishia taabu, na 10 tu walisema ziliwasaidia. Kwa hiyo palikuwa na chanzo kingine cha kutafuta.

Chanzo kimoja kilionekana katika maji. Mwezi wa Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisukuma samadi ya ng'ombe mpaka kwenye kisima cha mji, na dawa ya kusafisha maji haikuwekwa ipasavyo. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 walikufa. Baada ya miaka miwili hivi watafiti walirudi. Kati ya kila watu 100 ambao kwa dalili za kitabibu walidhaniwa kuwa waliugua kuhara huko, 36 walikuwa na ugonjwa huu. Kati ya kila 100 ambao hawakuugua, ni 10 tu. Mwaka 2004 mji wa Bergen, Norwei, nao ulipata maji yenye kijidudu cha jiadia. Miaka mitatu baadaye, karibu nusu ya waliothibitishwa kuugua walikuwa na tumbo la namna hii.

Ndugu msomaji, mvua kubwa, samadi na kisima: je, hayo hatuyajui sisi wa bonde la Rukwa?

Kwa nini utumbo usitulie vijidudu vikiisha? Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walitoa maelezo. Wakati wa maambukizo, askari wa mwili walioko utumboni wanaweza kukizoea vibaya chakula kilichokuwamo na kukiona ni adui. Vijidudu vikishaondoka, chakula kile kile kikiingia tena, askari hao hupiga kelele, na mishipa ya fahamu huleta maumivu. Ni kama mbwa aliyeibiwa nyumba yake usiku mmoja: tangu hapo humbwekea hata mgeni mwema.

Mwaka huo huo utafiti mwingine, uliochunguza watu zaidi ya 50,000 wenye ugonjwa huu, ulionyesha kuwa baadhi ya mizizi yake katika urithi wa damu ni ile ile ya ugonjwa wa wasiwasi. Maana yake si kwamba mgonjwa anajitungia maumivu. Ubongo na utumbo hupashana habari mchana na usiku, na kimoja kikisumbuka, cha pili nacho husumbuka.

MBONA KIPIMO KILISEMA TAIFODI?

Taifodi ipo na inaua, tusiidharau. Lakini kipimo cha damu kiitwacho Widal hukosea mara nyingi. Katika utafiti uliofanyika Muheza, Tanga, na kutolewa mwaka 2010, watoto waliolazwa hospitalini walipimwa kwa Widal, kisha damu yao ikaoteshwa maabara. Kati ya waliosomwa kuwa na taifodi kwa Widal, takriban robo tu ndio waliokuwa nayo kweli. Anayemeza vidonge vya taifodi kila mwezi hupoteza fedha, huua na vijidudu vyema vya utumboni, na hufanya dawa zisifae siku ya ugonjwa wa kweli.

TUFANYE NINI?

Kwanza, nenda hospitali upimwe choo kwa ajili ya minyoo, amiba, jiadia na kichocho, upimwe damu na virusi vya UKIMWI. Usikawie hata siku moja ukiona damu katika choo, ukikonda, ukipata homa, ukiishiwa damu, ukiamshwa na maumivu usiku, au kama tumbo limeanza kukusumbua baada ya kufika umri wa miaka 50.

Pili, wakikuta ni utumbo mwepesi kuchokozeka, kula kidogo kidogo na kwa saa zake. Jaribu kuacha chakula kimoja tu kwa wiki mbili, kwa mfano maziwa, maharage au vitunguu, uone. Kama hakuna nafuu, kirudie. Usiache vyakula vyote ukabaki na njaa. Pata usingizi, na zungumza na mtu unayemwamini. Daktari anazo dawa za kutuliza msokoto.

Tatu, kinga. Chemsheni maji ya kunywa. Zungushieni kisima uzio, mifugo inywe mbali. Kila nyumba iwe na choo, na mikono inawe kwa sabuni. Mtoto akiharisha apewe maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, na apelekwe zahanati. Jumuiya zetu zinaweza kulisimamia jambo la kisima kuliko mtu mmoja mmoja.

Jina la mji wetu wa Sumbawanga, husema wazee, maana yake ni "tupa uchawi". Yule mama alipimwa kila kitu, na hakuna ugonjwa mwingine uliokutwa. Hajapona kabisa, yapo majuma mabaya. Lakini ameacha kununua vidonge, na amejua kuwa hakulishwa kitu na mtu. Tuliporudi Ilemba, aliyembeba mtoto wake mpaka kwenye mzani alikuwa wifi yake.