Alama za Seli Humtabiria Nini Mgonjwa wa Lukemia?

CD4 inajulikana na watu wengi Unguja, kwa sababu ya kliniki za virusi vya UKIMWI. Lakini CD4 ni moja tu kati ya mamia ya alama zilizo juu ya seli za damu. Wataalamu walianza kuzipangia namba za pamoja walipokutana Paris mwaka 1982, na leo daktari wa saratani ya damu huzisoma alama hizo ili ajue lukemia kali ni ya aina gani na mgonjwa ana tumaini kiasi gani.

Seli ya damu huzaliwa ndani ya uboho. Kadiri inavyokua huvua alama hizi na kuvaa nyingine, kama mtoto abadilivyo sare akitoka skuli ya msingi kwenda sekondari. Katika lukemia kali, seli hugoma kukua huku zikizidi kuzaana. CD34 huonesha seli bado changa. CD19 na CD10 huelekeza kwenye lukemia ya limfositi B (aina ya chembe nyeupe za damu), inayowapata watoto zaidi. CD3 na CD7 kwenye ya limfositi T. CD13 na CD33 kwenye ya myeloidi. Maabara huzichanganya seli na kingamwili zenye rangi inayong'aa, kisha mashine huzipitisha moja moja mbele ya mwanga wa leza na kuzihesabu.

Je, alama hizo zinatabiri nani ataishi? Kwa kiasi. Mtoto mchanga ambaye seli zake za lukemia ya B hazina CD10 mara nyingi ana hitilafu ya jeni ya KMT2A, na ugonjwa wake ni mgumu. Kuhusu CD34 katika lukemia ya myeloidi, tafiti zimepingana kwa miaka mingi.

Mwaka 2009 watafiti wa hospitali ya St. Jude, Memphis, Marekani, walieleza aina ya lukemia ya T isiyo na CD1a wala CD8, na watoto wengi walioipata hawakupona. Tiba ilipokazwa katika majaribio ya baadaye, tofauti kati yao na watoto wenye lukemia nyingine za T karibu ikatoweka. CD20 nayo kwa watu wazima ilihesabiwa habari mbaya, hadi ikawa ndiyo inayoipa dawa ya rituximab pa kushika: katika jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2016, kati ya wagonjwa walioipata dawa hiyo, waliofika miaka 2 bila ugonjwa kurudi wala kifo walikuwa asilimia 65, dhidi ya 52 kwa wasioipata. Kwangu mimi hili ndilo la msingi: alama hutabiri ikiwa pamoja na tiba, haina utabiri wa peke yake.

Na tiba haifanani kila mahali. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wenye saratani wanaopona ni zaidi ya asilimia 80 katika nchi tajiri, na chini ya 30 katika nchi nyingi maskini. Mtoto wa Mpendae, Unguja, ana CD19 ile ile ya mtoto wa London. Kinachomuua ni kuchelewa, maambukizi na dozi zilizokatizwa. Wengine hutibiwa malaria mara mbili, mara tatu, ilhali kiwango cha maambukizi ya malaria Unguja kwa miaka mingi kimekuwa chini ya asilimia 1.

Kwa hiyo, mzazi, homa isiyokwisha, viganja vyeupe, mavilio ya damu mwilini, fizi kutoka damu au mifupa kuuma usiku visikae nyumbani. Mpeleke mtoto apimwe FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) wiki hiyo hiyo. Akipewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, panda boti na karatasi zote, na umuulize daktari: ni aina gani, na alama zake zimepimwa? Tiba ya lukemia ya limfositi huchukua miaka 2 hadi 3. Baada ya mwezi wa kwanza mtoto huchangamka, akacheza, akala vizuri, na ndipo familia nyingi hushawishika kurudi kisiwani. Tafadhali msikatize dawa.