Mke wangu alipocheka nusu

Ijumaa moja ya Juni 2023 nilirudi nyumbani Nkwenda na kilo mbili za nyama, gazeti la michezo na kisa kimoja kitamu cha ofisini. Kwa sisi tunaofanya kazi mji mmoja na familia iko mji mwingine, Ijumaa ndiyo sikukuu yetu. Mimi kuanzia Jumatatu naamkia Kayanga, Karagwe. Mke wangu anafundisha sekondari huku Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Siku tano tunapendana kwa simu, halafu wikiendi tunajaribu kulipana madeni yote. Wenye maisha kama yetu mnanielewa.

Basi nikakisimulia kisa changu mezani. Ni cha kuchekesha, naapa. Mtoto alicheka. Mama yangu, aliyekuja kutusaidia msimu wa kuvuna kahawa, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mwalimu (ndivyo ninavyomwita mke wangu, kama mtaa mzima unavyomwita) alinitazama tu. Pembe ya kulia ya mdomo ikapanda, ya kushoto ikabaki pale pale. Msomaji, unajua mtu anavyocheka akikubeza? Ndiyo hivyo hivyo.

Na haikuishia hapo. Akasema mchuzi hauna ladha, wakati nyama nimenunua mimi na aliyeupika ni mama. Akaomba redio ipunguzwe, eti inampigia ngoma sikioni. Chai ikamchuruzika kidevuni. Nikamuuliza, "Una nini leo?" Akajibu kama mtu mwenye kipande cha ndizi shavuni, "Nimechoka tu, nyuma ya sikio panauma."

Wiki hiyo tulikuwa tumegombana kwenye simu kuhusu hela ya kiwanja. Kwa hiyo mimi nilikuwa na jibu langu tayari: huyu ananidharau, tena mbele ya mama yangu. Usiku ule tulilala mzungu wa nne. Sikumuuliza tena juu ya sikio. Naandika hili bila kujitetea.

Niliamka alfajiri nikamkuta amelala jicho la kushoto likiwa wazi, weupe mtupu, mboni imekimbilia juu. Nikamtikisa kwa nguvu nikidhani amekufa. Akaamka, akataka kuniuliza kuna nini, na nusu ya uso wake haikuuliza chochote.

Wa upepo, wa malaria, wa nyusi

Mama alipomwona alishika kichwa. "Mae waitu! Mwanangu, mkeo kachezewa." Shangazi alipopigiwa simu akasema hapana, ni upepo, amekaa dirishani kwenye gari. Alikuwa anamfahamu mtaalamu upande wa Murongo, karibu na mpaka wa Uganda, na tungempata Jumatatu. Siwacheki. Nusu ya uso wa mtu ikianguka kati ya chakula cha mchana na cha jioni, kila mmoja anatafuta jibu mahali alipozoea kulipata.

Mimi mwenye diploma nikampeleka kwenye zahanati moja nisiyoitaja. Walimtoboa kidole, malaria haikuonekana, tukapewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Jumamosi ikaisha.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliyepita Jumapili baada ya ibada. Hakuuliza nani ana wivu na nani. Alimwambia, "Mwalimu, hebu nyanyua nyusi kama umesikia bei mpya ya sukari." Nyusi ya kulia ikapanda, paji likakunjamana. Upande wa kushoto ulibaki laini kama sahani. Akamwambia anyooshe mikono, abane vidole vyake, atembee. Vyote sawa.

Akatueleza kwa kifupi. Ukipatwa na kiharusi, mara nyingi mdomo unapinda lakini paji la uso linaendelea kukunjamana, kwa sababu sehemu ile hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Paji likinyamaza pamoja na mdomo, shaka inaangukia kwenye mshipa wenyewe wa fahamu, nje ya ubongo. "Lakini hilo ni la daktari kuamua, si mimi wala ninyi. Na muende leo, si kesho. Ilianza lini?" Ijumaa mchana. Akahesabu kwa vidole. "Basi mna mpaka kesho mchana."

Sikumwelewa, ila nilivyoona sura yake nikatafuta gari.

Kiganja cha daktari

Hospitalini Karagwe tulifika jioni. Daktari kijana, pengine mdogo kwangu, alimwangalia kwa makini. Alimgusa mashavu kwa pamba akiuliza kama anahisi. Alimtaka apulize mashavu, abane macho, aonyeshe meno. Alichungulia ndani ya sikio kutafuta vipele, kwa sababu virusi vya tetekuwanga, vile vile vinavyoleta mkanda wa jeshi, vinaweza kujificha mwilini miaka mingi kisha vikaushambulia mshipa huu. Vipele havikuwepo. Akapima presha na sukari. Ndipo akatugeukia sisi wote wawili, mimi nikiwa bado na hasira zangu za Ijumaa mfukoni.

Akasema kutoka kwenye ubongo zinatoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, nyingi zikihudumia kichwa na shingo. Wa kwanza ni wa kunusa, wa pili wa kuona. Wa tano unaleta hisia za uso na unatafunisha. Wa nane ni wa kusikia na kutoyumba. Wa kumi unashuka shingoni, unafika kifuani mpaka tumboni. Wa kumi na mbili unasogeza ulimi. Na wa saba, alisema, ndio mnaoongea nao ninyi wawili kila siku bila kujua.

Kisha akaniambia niweke kiganja changu cha kulia kwenye uso wa mke wangu, upande wa kushoto, kitako cha kiganja kikiwa chini ya sikio na vidole vimetanuka. Nikaona aibu, lakini nikaweka. "Mshipa wa saba unatokea hapo chini ya sikio," akasema, "unapenya kwenye tezi ya mate, ile inayovimba mtu akiugua matumbwitumbwi, kisha unagawanyika matawi matano kama vidole vyako. Moja linapanda kwenye paji, moja linakwenda kwenye jicho, moja shavuni na mdomo wa juu, moja kwenye mdomo wa chini na kidevu, na moja linashuka shingoni."

Kabla ya kutokea hapo, mshipa huo unapita ndani ya mfupa, kwenye mfereji mwembamba jirani na sikio. Virusi wa jamii ya wale wanaoleta vidonda vya homa mdomoni ndio wanaoshukiwa zaidi kuuvimbisha. Ukivimba hauna pa kwenda, kama mguu uliovimba ndani ya buti. Unajikaba wenyewe. Hali hii inaitwa kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji kutoka Scotland aliyeueleza mshipa huu mwaka 1821.

Humo ndani ya mfupa, akaendelea, mshipa unatoa vijitawi vingine. Kimoja kinakwenda kwenye kimsuli kidogo sana ndani ya sikio, kinachopunguza makali ya kelele. Kikilala, redio ya kawaida inakuwa ngoma. Kingine kinabeba ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi. Kikilala, mchuzi unapotea utamu. Midomo ikilegea, chai inachuruzika. Na uso ukivutwa upande mmoja tu, kicheko cha kweli kinafanana na cha kubeza.

Nilitamani sakafu ipasuke. Orodha yangu yote ya makosa ya Ijumaa ilikuwa mshipa mmoja.

Akaandika vidonge vya prednisoloni, na hapo nikaelewa hesabu ya muuguzi wetu. Utafiti mkubwa uliofanyika Scotland na kuchapishwa mwaka 2007 uliwafuata wagonjwa walioanza dawa hiyo ndani ya saa 72. Baada ya miezi tisa, 94 kati ya kila 100 walikuwa wamepona kabisa. Kwa wasioipata walikuwa 82. Maana yake wengi hupona hata bila dawa, ndiyo sababu waganga wa kila aina hujipatia sifa hapa. Lakini wale 12 wa tofauti ni watu wenye nyuso zao, na saa zikipita faida ya dawa inapungua. Ila usikimbilie duka la dawa kujinunulia. Dawa hii inapandisha sukari na ina masharti yake, na bado mtu apimwe kuhakikisha kwamba si kiharusi.

Kulikuwa na kipimo kimoja zaidi. Kupooza uso ghafla kunaweza pia kuja pamoja na maambukizi ya VVU, kwa hiyo daktari alishauri tupime, sote wawili. Tuliangaliana. Wanandoa wa siku tano mbali, si unajua, maswali yapo hata kama hayasemwi. Tukakaa kwenye benchi bila kuongea, tukaitwa mmoja mmoja, tukatoka salama. Njiani kurudi ndipo tuliposema yale ya kiwanja, na mengine ambayo hayakuwa ya kiwanja.

Busu la upande mmoja

Wenzangu mtauliza, na huko chumbani? Tutasema ukweli. Mwalimu alikuwa anahisi kila kitu. Hisia za uso ni kazi ya mshipa wa tano, na wake ulikuwa mzima. Kubana midomo ili ubusu ni kazi ya wa saba. Kwa hiyo alilipata busu lote, akashindwa kulirudisha. Kwa wiki kadhaa alikuwa ananigeuzia shavu la kulia, na mimi mjinga nikadhani hataki. Mpaka aliposema, "Hili la kushoto si limekufa, linasikia. Mbona unaliruka?"

Tuliweka utaratibu. Akifurahi, anasema "nimefurahi". Akichukia, anasema. Mwanzoni ilikuwa kama tangazo la redio. Lakini nilishangaa ni mara ngapi nilikuwa nimekwisha soma sura yake na kukosea, hata zamani alipokuwa mzima.

Kazi kubwa ilikuwa jicho. Usidharau hili. Jicho lisilofunga linakauka, kioo chake kinachubuka, na mtu anaweza kupona uso akabaki na kovu la jicho. Mchana alivaa miwani na kutia matone. Usiku nilimpaka mafuta ya macho, nikashusha kope kwa kidole, nikabandika plasta laini. Wikiendi ilikuwa kazi yangu. Siku za kazi alifanya mama, yule yule wa "kachezewa", tena kwa uangalifu kunishinda.

Shuleni alirudi wiki ya pili. Herufi za midomo zilimsumbua, B, P na M, na jaribu wewe kufundisha bila hizo. Wanafunzi walicheka siku moja. Ya pili kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, una ugonjwa wa Justin Bieber?" Walikuwa wameona habari za Juni 2022, mwanamuziki huyo alipoonyesha video nusu ya uso wake ikiwa haisogei. Wa kwake ndio ule wa virusi vya tetekuwanga, lakini darasa zima lilitaka kujua, na Mwalimu, ambaye somo lake ni jiografia, akachora kichwa ubaoni badala ya ramani.

Wiki sita zilipita bila dalili. Alifanya mazoezi mbele ya kioo, taratibu, bila kulazimisha. Mama alianza tena kumtaja mtaalamu wa Murongo, na nakiri siku moja nilimsikiliza mpaka mwisho. Ndipo, wiki ya saba, pembe ya kushoto ya mdomo ikacheza kidogo, kama samaki anayegusa ndoano. Nyuzi za mshipa zilizokufa huota upya kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo pima mwenyewe kutoka sikioni hadi mdomoni uone ni subira ya kiasi gani.

Haukurudi wote kama ulivyokuwa. Baadhi ya nyuzi ziliota zikaingia njia isiyo yake, kama fundi umeme aliyeunganisha swichi ya sebuleni na taa ya jikoni. Mdomo ukicheka, jicho la kushoto linajibana lenyewe. Kwenye picha anageuka upande mmoja, na hilo bado linamuumiza, sitawadanganya.

Ijumaa iliyopita nilifika na kilo mbili zangu za nyama. Mtoto akaomba nirudie kile kisa cha ofisini. Nikarudia. Kabla mdomo wa Mwalimu haujasogea, jicho la kushoto likawa limekwisha jibana. Mama akasema kisa chenyewe hakijawahi kuchekesha, yeye siku ile alikuwa anajikaza tu kwa ajili yangu.