Kompyuta Iliyougua Baada ya Kuongezewa Kumbukumbu

Mwalimu mmoja wa hisabati, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniletea kompyuta ya nyumbani kwake, ambayo huitumia kuandikia alama za mitihani ya wanafunzi wake. Mwanawe, aliye kidato cha tatu, alikuwa ameiongezea vipande viwili vya kumbukumbu juu ya viwili vilivyokuwamo, ili jumla iwe gigabaiti 16. Tangu siku hiyo mashine ikawa hujizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi na, jambo lililomtia mwalimu hofu kuliko yote, jedwali la alama likakataa kufunguka. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafuta programu zote na kuziweka upya. Kesho yake ugonjwa ukarudi. Fundi wa pili alitamka kwamba kijana ameunguza bodi kuu. Tangu hapo kijana akapigwa marufuku kuigusa mashine.

Ni jambo la kusikitisha kwamba mafundi wote wawili walitoa hukumu kabla ya kupima. Kifaa kilichokuwa kizima kikiharibika mara tu baada ya kubadilishwa, hapana budi uchunguzi uanzie kwenye badiliko lenyewe. Nasi tulifanya hivyo: tuliviondoa vile vipande vipya, mashine ikafanya kazi siku mbili bila kasoro. Je, jambo hilo lilithibitisha kwamba vipande vipya ni vibovu? La. Tulivitoa vya zamani, tukaviweka vipya peke yake, na mashine ikafanya kazi vizuri vilevile! Kila jozi ilikuwa nzima ilipokuwa peke yake. Ugonjwa ulikuwa katika kukutana kwao.

Ili kulielewa jambo hili yatupasa tujue kumbukumbu ya kompyuta ni kitu gani. Aina itumikayo leo inatokana na wazo la Robert Dennard wa kampuni ya IBM huko Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Kila biti, yaani kila 0 au 1, huwekwa katika seli yenye transista moja na kapasita moja ndogo mno. Kapasita ikiwa na chaji ni 1, ikiwa tupu ni 0. Lakini kapasita hiyo huvuja kama mtungi wenye ufa, hivyo chaji yake hairuhusiwi kukaa zaidi ya milisekunde 64 hivi bila kusomwa na kujazwa upya. Katika gigabaiti 16 mna seli zaidi ya bilioni 137, na zote hutunzwa namna hiyo wakati wote mashine ikiwa imewashwa.

Sasa tutazame mwendo. Vipande vya mwalimu vilikuwa vimepangiwa kupitisha biti milioni 3200 kwa sekunde katika kila waya. Maana yake ni kwamba kila biti hupewa muda wa nanosekunde 0.3125 tu, muda ambao mwanga wenyewe husafiri sentimeta 9 na kidogo. Katika muda huo volti ya waya haina budi kupanda au kushuka, kisha itulie, ndipo isomwe. Waya zinapobeba vipande vinne badala ya viwili, mzigo wa umeme huongezeka, ishara huchelewa kutulia, na baadhi yake huakisiwa na kurudi nyuma. Mara chache, pengine mara moja katika mabilioni, 1 husomwa kuwa 0. Mwendo ule ulioandikwa kwenye kibandiko ulipimwa kwa jozi moja, wala si kwa jozi mbili zilizonunuliwa kwa nyakati mbalimbali.

Kuna programu ya bure iitwayo Memtest86+, ambayo huandika mifumo ya biti katika kumbukumbu yote, kisha huisoma kuona kama imebadilika. Tuliiacha ifanye kazi usiku kucha vipande vyote vinne vikiwamo. Asubuhi tukakuta makosa kadhaa. Ndipo nikafungua mipangilio ya bodi kuu, nikapunguza mwendo kutoka 3200 hadi 2666, tukarudia jaribio usiku wa pili. Hapakuwa na kosa hata moja. Mashine imepoteza kasi kidogo, ambayo mwalimu hakuitambua hata kidogo.

Wapo mafundi ambao katika hali hii husugua miguu ya kipande kwa raba ya penseli. Mimi siipendi tabia hiyo, kwani tabaka la dhahabu pale ni jembamba mno. Kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi chatosha. Na laiti kijana angeongeza kadi ya picha badala ya kumbukumbu, ningeanza na kigeuzi cha umeme: njia yake ya volti 12 haipaswi kushuka chini ya 11.4 wakati wa kazi nzito.

Likabaki suala la alama. Kosa la kumbukumbu halikomi kwenye kumbukumbu. Kilichoharibika humo huandikwa kwenye diski kana kwamba ni kweli. Chukua alama 72. Kwa namba za uwili ni 1001000, yaani 64 na 8. Biti ya kwanza kushoto ikigeuka kuwa 0, mwanafunzi hubakiwa na 8, wala mashine haitoi onyo lolote. Kwa sababu hiyo sikumruhusu mwalimu aliamini faili lolote lililohifadhiwa katika zile wiki tatu. Jedwali lilichapwa upya kutoka kwenye karatasi za majibu, jioni mbili mfululizo, kijana akisoma alama kwa sauti na baba yake akizichapa.