Masomo yakifungwa, bustani isife

Wandugu wanakooperative wa Sandoa,

Tarehe 18 mwezi wa tatu 2020, Rais alitangaza kufungwa kwa masomo yote ya inchi juu ya korona, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa. Watoto walibaki nyumbani. Lakini bustani haisikilize radio: majani mabaya yaliendelea kuota, na mbuzi hawakuambiwa wabaki kwao. Wanafunzi wa darasa za mwisho walirudi mwezi wa nane. Wengine walingoja mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi. Hiyo ni karibu miezi saba, na kiangazi chetu chote kilikuwa ndani yake.

Siye maagronome tulikuwa tunasindikiza shule moja yenye vitalu nane vya mboga. Posho ya kwanza, wazazi zaidi ya 30 walikuja na majembe kufanya salongo. Moyo ulikuwa mzuri, lakini walirudishwa nyumbani, kwa kuwa walipita 20. Kisha hapo, hakuna aliyekuja tena. Kila mutu alifikiri mwingine anamwagilia. Kazi ya wote ikakuwa kazi ya hakuna mutu.

Tuliporudi mwezi wa saba, vitalu sita vilikuwa vumbi. Viwili vilikuwa na mboga bado, juu ya mama watano wanaokaa karibu walivishika wenyewe. Lakini badala ya asante, wamama hao walipata masengenyo: eti wanakula mboga ya watoto wa watu. Wawili wakaacha. Kosa lilikuwa letu pia: hatukuwahi kusema mbele nani atakula nini. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Watu wachache, siku inayojulikana

Kikundi cha watu watano kinachokuja kweli kinapita watu 30 wa siku moja. Mufanye vikundi vitatu au vine, kila kimoja na siku zake, na mukubwa wa kikundi. Muchague kwanza wanaokaa karibu. Majina yaandikwe kwenye kaye, na anayemwagilia atie alama siku ileile. Mutu akigonjwa, asikuje. Mukubwa wa kikundi atafute wa kumusimamia. Kila mutu na jembe lake, au jembe lioshwe na sabuni mbele ya kupita kwa mwingine. Ndoo ya maji na sabuni ikae kwenye mulango.

2. Muhesabu maji mbele ya kuhesabu vitalu

Wakati wa kiangazi, metre kare moja ya mboga inaomba karibu litre 5 za maji kwa siku. Kitalu cha metre 1 kwa metre 10 kinaomba litre 50: ni arozwari tano za litre 10. Vitalu nane ni arozwari 40. Kwa watu watano, kila mutu anabeba nane, kila siku, kutoka mtoni. Nani ataweza miezi mitano bila malipo? Mubakize vitalu vitatu: ni arozwari tatu kwa kila mutu. Mufunike udongo na majani makavu, ili jua lisikaushe maji mbio. Mumwagilie asubuhi mapema ao magharibi.

3. Mupande kinachovumilia

Shu na tomati zinaomba jicho la kila siku. Mikono ikipunguka, muziache. Lengalenga inaanza kuvunwa kisha wiki tatu ao ine. Matembele unakata, yanaota tena. Mihogo ya sombe pembeni inavumilia kiangazi. Na muache miche mizuri ya lengalenga itoe maua: hizo ndizo mbegu za mwaka unaokuja. Lupango utengenezwe mbele ya yote. Mbuzi mmoja anakula kazi ya mwezi kwa asubuhi moja.

4. Mugawe mavuno mbele ya kupanda

Hapa ndipo bustani nyingi zinakufa. Direktere, komite ya wazazi (COPA) na wenye kujitolea wakae pamoja, wapatane na waandike. Siye tunashauri hivi: mbegu zitoke kwanza, kisha sehemu moja iende kwa wanaomwagilia, na sehemu ingine iuzwe kwa ajili ya vifaa vya bustani. Karatasi ibandikwe kwenye mulango wa shule, kila mutu asome. Mama anayebeba maji kila siku akirudi na fungu la lengalenga kwa ajili ya bukari ya watoto wake, huo si wizi. Ni mapatano.

Kufungwa si kumoja

Masomo yalifungwa tena tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2020, mpaka tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Ile ilikuwa wakati wa mvua. Shida haikuwa maji tena, ilikuwa kupalilia na maji yanayosimama kwenye vitalu. Basi wakati wa mvua, muinue vitalu, mufungue njia za maji, na zamu ikuwe ya jembe, si ya arozwari. Kule Uganda masomo yalifunguka kabisa mwezi wa kwanza 2022, kisha karibu miaka miwili. Mipango ya mwezi mmoja haitoshi.

Korona imepunguka, lakini magonjwa hayajaisha. Mwezi wa nane 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari juu ya mpox, na inchi yetu ndiyo iliguswa zaidi.

Musingoje ugonjwa ndipo mujaribu. Kila mwaka vakanse kubwa inafunga masomo katikati ya kiangazi. Mwaka huu, kila kooperative yenye shule karibu ichague vitalu vitatu, vikundi vitatu na kaye moja. Masomo yakifunguka, muhesabu alama za kaye na mutazame vitalu. Mutajua kama bustani yenu ina wenyewe.