Hali ya Hewa ya Kilimanjaro Ipi?

Kuna utani kuhusu kituo cha hali ya hewa kisichoharibika: jiwe lililoning'inizwa nje kwa kamba. Likilowa, mvua inanyesha. Likiyumba, kuna upepo. Lisipoonekana, ni ukungu.

Kwa wanaotaka zaidi ya jiwe, mwandika programu Igor Chubin alitengeneza huduma ya utabiri iitwayo wttr.in. Unaandika amri fupi, nayo inakuletea utabiri wenye jua na mawingu yaliyochorwa kwa nukta, mabano na vistari. Maelekezo yake yanataja Kilimanjaro kama mfano, sambamba na Mnara wa Eiffel. Mtu wa Old Moshi, mteremkoni mwa mlima huo, akiona hivyo lazima acheke, kisha aulize: Kilimanjaro ipi? Uwanja wa ndege wa KIA uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru mita 5,895.

Kompyuta hugeuza jina la mahali kuwa nukta moja ya ramani, kisha husoma utabiri wa mraba ulioizunguka. Miraba ya GFS, mfumo wa Marekani unaotumiwa sana duniani, ina takriban kilomita 28 kila upande. Mraba mmoja waweza kubeba joto la Moshi mjini, vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Old Moshi na msitu wa juu, vyote vikapewa jibu moja. Lakini kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa wastani nyuzi 6.5, na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukipanda mlima hupoa, mvuke ukawa matone. Ndiyo maana mjini jua linawaka huku mkulima wa Kidia, Old Moshi, akikimbilia kufunika kahawa yake kwenye chanja.

Vipimo vya KIA, vinavyotangazwa kwa alama ya HTKJ, ni vya kweli, ila ni vya tambarare na vimekusudiwa marubani. Havisemi chochote kuhusu mvua ya kihambani.

Hapo lile jiwe lina hoja: liko mahali penyewe. Dawa ni kipimamvua, chombo rahisi kabisa. Milimita moja ndani yake ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya shamba. Shule na vyama vya msingi vya ushirika vya Old Moshi, wekeni vipimamvua, visomeni kila siku saa 3 asubuhi, na takwimu zifikisheni Mamlaka ya Hali ya Hewa.